Nyumba Niliyoipaka Rangi Kabla ya Picha

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu baba alitaka mtu wa kuchunga ng'ombe, na mimi ndiye nilikuwa na miguu myepesi. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanisahihisha huko mbele. Nyumba ninayotaka kuieleza niliipata kwa jasho langu. Nilianza kwa kupakia magunia ya mahindi kwenye malori pale Kitale, nikanunua kisiagi kilichochakaa, nikakitengeneza mwenyewe, kikasaga unga wa watu mpaka nikaweza kuingia kwenye kikundi cha wakulima kilichonunua shamba la mzungu mmoja aliyekuwa amerudi kwao. Siku ya kugawana, wenzangu waligombania vipande vya bondeni karibu na mto. Mimi nikasema nipeni kile chenye nyumba. Wakanicheka. Nyumba ilikuwa tupu, popo wamejaa darini, na watu wazima walikuwa wanaogopa kulala mahali mzungu alikuwa analala.

Mke wangu pia aliogopa. Alikuwa msichana bado, mtoto wetu wa kwanza mgongoni, na jioni ya kwanza alisimama mlangoni akakataa kuingia. Alisema kuta zinamwangalia. Ndani kulikuwa na mbao za mtarakwa, zile nyekundu zinazonukia hata zikizeeka, zimepigiliwa kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa cha mtu, na meko ya ukutani yenye chimni, na madirisha marefu ya vioo vidogo vidogo. Basi. Hakuna kitu kingine. Ukikohoa, nyumba nzima inakujibu. Mke wangu alilala kwenye jiko la nje na mtoto wake mpaka mahindi yakakomaa. Kisha akaanza kuingia kidogo kidogo, na kila akiingia anaingia na kitu. Kalenda. Picha ya harusi ya dada yake. Vitambaa alivyoshona mwenyewe, vya kufunika viti, vya kufunika redio, vya kufunika vitambaa vingine. Alitundika mpaka ukuta ukaisha. Watoto wakazaliwa, moshi wa meko ukapaka kila kitu rangi moja ya chai ya maziwa, na ile nyumba ikaacha kumwangalia. Ikawa yeye ndiye anaiangalia.

Sasa niseme shida. Mke wangu alianza kusahau. Kwanza alisahau maziwa motoni, halafu akasahau njia ya kutoka shambani, akasimama katikati ya mahindi akilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Binti yetu mkubwa ni mjane, ana nyumba yake Bungoma karibu na kliniki. Akaja akamchukua mama yake. Aliniambia, "Baba, wewe huwezi." Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli. Nikabaki Kitale na ng'ombe, nikawa nashuka Bungoma kila nikipata mtu wa kukamua.

Huko Bungoma mama hakutulia. Kila jioni, jua likianza kushuka, anafunga nguo zake ndani ya leso, anavaa viatu, anasema anaenda kwake. Ukimzuia anakuuma. Ndiyo, anauma, mama wa kanisa ambaye hata kuku alikuwa anamwomba msamaha kabla ya kumchinja. Siku moja alitoroka, akapatikana amekaa kando ya barabara ya kwenda Webuye, malori yanapita karibu na magoti yake, naye amekumbatia leso yake anangoja. Binti yetu akaanza kufunga geti kwa kufuli. Nilipofika nikamkuta mke wangu ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili kama mfungwa. Hakunisalimia. Alisema tu, "Nifungulie niende kwangu." Siku hiyo nilijua lazima nimpe nyumba yake, kwa njia yoyote ile.

Kumrudisha haikuwezekana. Watu wa barabara walikuwa wameshapita, wakachora X nyekundu kwenye ukuta wa mbele. Barabara mpya ilipangwa kupita sebuleni kwangu. Nilienda kwenye ofisi yao nikapiga meza. Kijana mmoja aliyevaa tai akaniambia, "Mzee, kwa ramani hapo hakuna nyumba."

"Basi njoo ulale hapo pasipo na nyumba," nikamwambia, "tuone kama mvua itakupata."

Alicheka sana. Lakini X haikufutika.

Ni wakati huo ndipo akaja binti mmoja wa kamera. Ni mzaliwa wa Webuye, msichana wa adabu, nywele fupi, begi kubwa kuliko yeye. Kazi yake ni kuzunguka kwenye majengo ya zamani, makanisa, nyumba za mashamba, akipiga picha za ndani kabla hayajaanguka. Lakini si picha ya kawaida. Kamera inasimama katikati ya chumba juu ya stendi ya miguu mitatu, inapiga, inageuka kidogo, inapiga, inageuka tena, mpaka inamaliza duara. Kisha inapiga juu, kisha chini. Baadaye zote anaziunganisha kwa kompyuta, zinakuwa chumba kizima. Wenyewe wanaita panorama. Ukishika tableti ukigeuka, chumba kinageuka na wewe. Alinionyesha kanisa moja hivyo, tukiwa uani, nikageuka na ile tableti kuangalia madhabahu, nikagonga ng'ombe wangu.

"Unaona Mzee? Ni kama uko ndani."

"Nakuuliza kitu kimoja," nikasema. "Mtu ambaye akili yake imechoka, akionyeshwa hii, atajua ni picha?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Sijui, Mzee. Sitaki nikudanganye."

"Basi utapiga nyumba yangu. Lakini nakala moja ni ya mke wangu."

Tukaelewana siku. Kabla hajafika akanipigia simu, akaniambia, "Ukumbuke Mzee, hii kamera yangu haina nyuma. Inaona kila kona."

Yeye alikuwa anajisifia kamera. Mimi nikasikia onyo.

Mtu wa rika langu ataelewa. Sisi kwetu picha ni kitu cha kuvalia. Zamani tukienda studio pale Kitale, unaazima koti la mtu, unapaka viatu mafuta, unasimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Na hata picha ya nyumbani, uchafu wote unasukumwa nyuma ya mpiga picha, watoto wenye makamasi huko, beseni huko, mnabaki safi nyinyi wa mbele. Sasa kamera isiyo na nyuma, uchafu utausukuma wapi? Unautoa nje. Nikawaita akina mama wa kanisa, wakaja na ndoo na sabuni.

"Baba, hata kalenda hizi?" mmoja akauliza. "Hii nayo mwaka wake uliisha wakati mimi bado ni msichana."

"Toa."

"Na vitambaa? Si mama akirudi atatuuliza vitambaa vyake?"

"Ni yeye ndiye tunamtengenezea. Toa, mama, usinichoshe."

Wakatoa. Viti, kalenda, picha, redio, vitambaa, kila kitu kikaenda kwenye ghala la mahindi. Dari ikafutwa moshi. Mimi mwenyewe nikanunua rangi ya mafuta, krimu, ile inayong'aa, nikaanza kupaka zile mbao. Nilipaka kwa moyo. Sijui kupaka vibaya, hata kisiagi changu kilikuwa kinang'aa kuliko magari ya watu. Nikamaliza sebule, nikamaliza chumba cha kulia, nikamaliza ukumbi, nikapaka mpaka mawe ya meko. Nilipofika chumba chetu cha kulala, rangi ikaisha. Nikafunga mlango. Nilisema haidhuru, kwa sababu kwetu chumba cha kulala cha wazazi hakiingiwi. Mtoto wako akishapata akili haingii humo, na mgeni wa umri wa mtoto wako haingii humo, hata nyumba ikiungua atakuitia dirishani.

Binti wa kamera alifika asubuhi, akavua viatu mlangoni, akaingia. Kisha akasimama.

"Mzee," akasema polepole. "Hizi mbao zilikuwa hivi?"

"Zilikuwa chafu. Sasa ni safi."

Aligusa ukuta kwa kidole, akakiangalia kile kidole. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi, ameshika kichwa. Nilidhani ni njaa, nikamletea chai. Hakunieleza. Mimi ni mzee wa rika la baba yake, angenielezaje? Alikunywa chai, akarudi ndani, akafungua stendi yake, akapiga. Kila chumba aliniomba nitoke, kwa sababu mtu akitembea kamera inamkata vipande, kichwa kinabaki kwenye picha moja na miguu nyingine. Alingoja wingu lifunike jua ndiyo madirisha yasiwake sana. Alifanya kazi yake kama mtu anayeosha maiti, kwa heshima, bila kuongea. Mwisho akasimama mbele ya mlango uliofungwa.

"Na hapa ni stoo?"

"Hapo ni chumba changu na mama."

"Ai, samahani Mzee." Akarudi nyuma mwenyewe.

Picha zilipokuwa tayari aliniachia ile tableti, nikashuka nayo Bungoma, binti yangu akanifundisha kuifungua. Tukamkalisha mama kwenye kochi, nikaiweka mikononi mwake, nikamgeuza mabega. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa kijana anayepeleka posa. Mama aliangalia. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akaangalia chini, akaona sakafu tupu inayong'aa.

"Sitaki," akasema.

"Ni nyumbani, mama," binti yetu akamwambia. "Ona meko yako."

"Hii ni nyumba ya mzungu!" Akasukuma tableti ikaanguka kwenye mkeka. "Inaniangalia. Sitalala hapo mimi. Mtoto wangu atalala wapi? Nipelekeni kwangu!"

Alilia mpaka sauti ikakauka. Nami nikakaa kwenye kiti nikaelewa nilichofanya. Nyumba haikuwa mbao. Nyumba ilikuwa ile kazi yake ya kutundika, na mimi niliitoa yote nikaitupa kwenye ghala la mahindi, nikamrudisha kwenye jioni ile ya kwanza, yeye mlangoni na mtoto mgongoni. Binti yetu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilirudi Kitale nikampigia yule wa kamera. Nikamweleza.

"Mzee, vitu tunaweza kuvirudisha ukutani. Lakini ile rangi haitoki. Mama atajua. Nikija nitapiga nini?"

"Kuna chumba kimoja hakikupakwa."

"Kipi?"

"Kile."

"Mzee, mimi siwezi kuingia humo."

"Mimi ndiye mwenye chumba, na mimi nakwambia ingia."

"Basi usiniache humo peke yangu. Ukiwemo, mimi ni mgeni. Ukitoka, mimi ni mwizi."

Wakati wangu wote wa kuishi sikuwahi kufikiri kwamba nitafungulia mtoto wa watu mlango ule. Wengine wakisoma hapa watasema mzee amekosa aibu. Waseme. Siku alipofika nilifungua, nikatangulia mimi. Chumba kilikuwa vile mke wangu alivyokiacha. Ukuta wa mtarakwa ungali mwekundu, mweusi kidogo juu ya taa ya koroboi. Nguo zake kwenye misumari, moja juu ya nyingine. Sanduku la bati lenye blanketi za wageni ambao hawakuja. Kioo kilichopasuka kona moja. Kitanda kimebonyea pande mbili na katikati kimeinuka kama tuta.

Yule binti hakuangalia kitanda. Aliweka stendi yake kati ya sanduku na mlango, akahangaika kuisogeza kwa sababu chumba ni kidogo, na jicho la kamera lazima likae mahali pamoja wakati inageuka, la sivyo mwimo wa mlango unavunjika mara mbili kwenye picha. Akaniuliza nitakaa wapi. Nikakaa upande wangu wa kitanda, karibu na dirisha, na koti langu la kazi, kofia magotini. Sikuvalia. Hiyo peke yake nilikuwa nimejifunza.

"Mzee, usitikisike mpaka nikwambie. Hata ukiwashwa."

"Naruhusiwa kupumua?"

"Kidogo."

Kamera ikapiga, ikageuka, ikapiga. Mimi nikaangalia ule upande wa kitanda ambao si wangu. Iligeuka mpaka ikamaliza, na aliposema "Tayari" mimi sikusimama. Akakunja vitu vyake akaenda kuningojea nje.

Kabla picha haijatengenezwa, tingatinga likaja. Nilihamisha ng'ombe kwa jirani, nikapakia vitu vya mama kwenye pikapu, kisha nikarudi kusimama. Watu waliniambia nisiangalie. Kwa nini nisiangalie, mimi si ndiye niliyeichagua wenzangu wakinicheka? Lile tingatinga liliingia kwa ukuta wa sebule. Mbao zikavunjika, na ndani ya ile rangi yangu ya krimu zikatokea nyekundu kama nyama, na harufu ya mtarakwa ikapanda, ikajaa ua wote, mpaka dereva akasimamisha mashine akachungulia kuona ni nini kinanukia. Hapo ndipo nililia. Sikuwa nimewahi kulia mbele ya watu, hata siku ya kutahiriwa.

Nikahamia Bungoma, kwenye chumba cha nje uani kwa binti yangu. Mama hakushangaa kuniona. Alinisalimia kwa adabu, kama unavyosalimia mtu wa kanisa lingine. Nikasema ni uchovu, kesho atanijua. Kesho ikawa vilevile.

Picha ilipofika, alasiri moja tukamkalisha tena. Binti yetu alishika tableti upande mmoja kumsaidia uzito, lakini uso wake aliugeuza ukutani kabisa, kwa sababu kwetu mtoto haangalii kitanda cha wazazi wake, hata kwenye picha. Mimi nilikaa kando ya mke wangu, mabega yetu yanagusana.

Aliangalia. Kisha akasema, "Sanduku langu."

Sikuthubutu kupumua, hata kile kidogo cha siku ya kamera.

"Kioo. Hawajakirekebisha hicho kioo." Akageuka kidogo. "Gauni langu la bluu. Nani amelitundika namna hiyo, litatoboka bega!" Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kuamrisha watoto. Leso yake ya safari ilikuwa imefungwa tayari pembeni ya kochi. Akaisukuma kwa mguu bila kuiangalia, kama mtu anayeweka mzigo chini baada ya kufika. Akaendelea kugeuka, taratibu, dirisha likatokea, na kitanda.

"Ehe," akasema, akatabasamu. "Huyo hapo."

Aligusa kioo cha tableti kwa kidole kimoja, juu ya kofia magotini pa yule mzee.

"Ni nani huyo, mama?" binti yetu akauliza, uso ukutani.

"Si baba yenu? Amekaa tu. Anafikiria kisiagi chake."

"Na huyu aliyekaa na wewe hapa?"

Mke wangu akanigeukia. Aliniangalia vizuri, uso wote, macho yale yale. Akasema, "Huyu ni mzee wa watu. Karibu, mzee."

"Mama, huyu ndiye..."

"Nyamaza," nikamwambia binti yangu. "Mwache. Ameshafika kwake."

Tangu siku hiyo hagusi tena geti. Kufuli tulilitoa. Jioni ikifika anaomba tableti, anaingia chumbani kwake, anazunguka, anahesabu vitu vyake, anamsalimia mumewe. Halii. Nilichotaka nimekipata, siwezi kusema sikukipata.

Juzi aliniita nikae karibu. "Wewe mzee, unatoka upande gani?"

"Kitale."

"Si ndiko kwangu! Ulimwona mzee wangu?"

"Nilimwona."

"Ulimwacha amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Ugali na mboga ya mrenda."

Akakunja uso. "Nani alimpikia?"

Ilikuwa sauti ya wivu, ya mwanamke wa umri wa binti zangu, na ilinipata kifuani kabla sijajikinga. Nikasema, "Alijipikia."

Mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke Kitale, akapiga goti langu kwa kiganja kama unavyompiga mtu baki aliyekufurahisha.

"Huyo? Huyo hawezi hata kuchemsha maji! Wewe mzee ni mwongo, bana." Akafuta machozi ya kicheko, akainama tena kwenye tableti, akamwambia yule wa kitandani kwa sauti ya chini, "Umesikia wanavyokusingizia?"